Nani Akae na Nani? Shule na Tamaduni za Watu katika Iringa na Mbeya

Katika darasa moja la itikadi nililolifundisha, kada kijana kutoka Wilaya ya Mufindi alisimama akatoa hoja iliyowanyamazisha wenzake. Alisema: Ndugu Mkufunzi, mnatufundisha kwamba mkoloni aliuvunja utamaduni wetu. Lakini wilayani kwetu ipo shule ambayo mkoloni mwenyewe aliianzisha ili watoto wa Kihehe, Kibena na Kisangu wafundishwe mila zao, tena na wazee wao. Sisi tulipopata Uhuru tuliwakataza watoto kusema lugha za mama zao shuleni. Sasa nani alivunja na nani alijenga?

Swali kama hilo halijibiwi kwa kaulimbiu. Kada yule alikuwa na ukweli mkononi, na mwalimu wa siasa anayeukwepa ukweli ulio mkononi mwa mwanafunzi wake hafundishi siasa, anafundisha woga. Makala hii ni jibu langu kwake, refu kuliko nililoweza kulitoa siku ile kabla kengele haijalia. Hoja yake ni kwamba huwezi kupima heshima ya utamaduni shuleni kwa kuangalia ngoma na mavazi peke yake. Lazima kwanza uulize ni nani aliyeamua watoto gani wakae na watoto gani, na kila kundi likapewa nini. Historia ya shule za Nyanda za Juu Kusini inalionyesha jambo hilo waziwazi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi yetu, kwani huku kila jaribio la mkoloni lilipita.

Kabla ya madarasa

Kwanza tuondoe kosa moja la kinadharia. Wako watu, hata miongoni mwa wasomi wetu, wanaodhani kwamba makabila ya Iringa na Mbeya yalikuwa kama visanduku vilivyofungwa, kila kimoja na utamaduni wake, mpaka shule ilipokuja kuvifungua. Ukweli hauko hivyo. Wahehe wenyewe, kama taifa moja, ni kazi ya karne ya 19. Munyigumba aliziunganisha tawala nyingi ndogo ndogo, na mwanawe Mkwawa akaipanua dola ile mpaka ikapambana na Wajerumani. Wasangu wa Merere, waliposukumwa na Wahehe, walihamia upande wa Usafwa wakakaa huko miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, na vita vile vikazaa utani ambao mpaka leo humwezesha Mngoni kumtukana Mhehe msibani akapewa na chakula.

Elimu nayo ilikuwapo. Kule Rungwe, kama walivyoeleza Monica Wilson na mumewe Godfrey, ambao walifanya utafiti huko katika miaka ya 1930, vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakaishi, wakala na kulima pamoja. Kwa hiyo bweni halikuwa jambo geni kabisa kwa Mnyakyusa. Nalitaja hili kwa sababu baadaye tutaona bweni likifanya kazi kubwa, na si haki kusema kwamba wazo la kuwatenga vijana na wazazi ili wajifunze kuishi na wenzao lililetwa kwa meli.

Wamisionari walifika mwaka 1891. Wamoravian walianza Rungwe, na Waberlin nao wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo, kisha wakapanda kwenda Ukinga na Ubena. Upande wa Iringa, Wabenediktini walianzisha misheni ya Tosamaganga, ambayo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilishikwa na Wakonsolata kutoka Italia. Shule zao za mwanzo zilifundisha kusoma, kuandika na dini, na mara nyingi kwa lugha ya mahali. Kule Mbozi mmisionari Traugott Bachmann aliifanyia kazi lugha ya Kinyiha kwa miaka mingi, na Agano Jipya kwa Kinyiha likatoka mwaka 1913. Tusiwe wachoyo wa kusema ukweli: baadhi ya lugha zetu ziliandikwa kwa mara ya kwanza na watu hao, na aliyefanya kazi ile aliifanya kwa bidii.

Lakini serikali ya Kijerumani ilitaka makarani na maakida, na lugha ya ofisi ilikuwa Kiswahili. Baadhi ya wamisionari walikiogopa Kiswahili kwa kukiona ni mlango wa Uislamu. Basi tangu mwanzo mtoto wa Nyanda za Juu alikuwa na lugha mbili za kitabu, moja ya kumpeleka kanisani na nyingine ya kumpeleka ofisini. Mzazi mwenye akili aliona mara moja ni ipi yenye mshahara.

Malangali

Sasa tufike kwenye shule ya yule kada. Ili kuielewa Malangali lazima kuielewa miaka ya 1925 na 1926. Waingereza walikuwa wamepewa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, na mwaka 1925 serikali ya London ikatoa waraka wake juu ya elimu katika makoloni. Wazo kuu la waraka ule lilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilinganishwe na mazingira na mila zake. Mwaka huohuo Sir Donald Cameron akaja kuwa gavana, na mwaka 1926 akatunga sheria ya mamlaka za wenyeji, yaani utawala wa kupitia machifu. Mambo hayo mawili ni pacha. Kama unataka kutawala kwa kumtumia chifu, lazima uwe na watoto wa machifu waliosoma kiasi cha kuandika hesabu za kodi, lakini wasiosoma kiasi cha kuuliza kodi inakwenda wapi.

Malangali ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya W. Bryant Mumford, ofisa wa elimu. Huyu hakuwa mkoloni wa kiboko. Alikuwa mtu wa kufikiri, aliyewauliza wazee wanataka watoto wao wajue nini, na aliyeandika juu ya shule yake katika jarida la wataalamu mwaka 1930, kisha juu ya watu wa Uhehe, Ubena na Usangu mwaka 1934. Katika shule yake wazee wa makabila waliletwa kufundisha habari za mababu na adabu. Palikuwa na ng'ombe wa shule. Wavulana walicheza ngoma na kurusha mikuki mahali ambapo shule nyingine zilikuwa na mpira tu, na walivaa vazi lililoigwa kutoka mavazi ya zamani badala ya kaptura. Shule iliendeshwa kana kwamba ni kijiji.

Ukisoma hayo kwa haraka unaweza kusema, kama alivyosema kada wetu, kwamba hapa utamaduni ulipewa kiti cha mbele. Mimi nakiri kwamba nikilinganisha Malangali ya 1928 na shule niliyosoma mimi, kuna jambo moja ninalolionea wivu: mzee asiyejua kusoma aliingia darasani kama mwalimu, akasikilizwa. Hilo si jambo dogo.

Hata hivyo angalia kilichokuwa chini ya mkeka. Mila zilizofundishwa zilichaguliwa na nani? Historia ya mtwa ilifundishwa, lakini si kama historia ya watu walioizuia Ujerumani kwa miaka saba. Mkuki uliorushwa uwanjani ulikuwa mchezo, ilhali miaka 30 kabla yake mkuki huohuo ulikuwa silaha ya dola. Utamaduni ulinyang'anywa meno ndipo ukaruhusiwa kuingia shuleni. Na jambo kubwa zaidi ni hili: kijana alifundishwa kuwa Mhehe mwema, Mbena mwema, Msangu mwema. Hakuna somo lililomwambia kwamba yeye na Mnyakyusa aliyekuwa akivunjwa mgongo katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, wana bwana mmoja.

Mpango ule haukudumu. Mumford alipoondoka, na baadaye akaenda kufundisha London, shule ilirudi taratibu katika njia ya shule nyingine za serikali. Kilichowafanya watu wapeleke watoto shule kilikuwa Kiingereza, hesabu na kazi. Wenye kudharau elimu ya mila si kwamba walikuwa wamelewa kasumba, kama tulivyozoea kusema. Waliona kwa macho yao kwamba mtoto wa bwana shamba hafundishwi kurusha mkuki.

Shule za walowezi na wageni

Na huyo mtoto wa bwana shamba alikuwa karibu. Oktoba 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu uliowaleta wawakilishi wa walowezi kutoka nchi za jirani. Ndoto yao ilikuwa ukanda wa utawala wa Wazungu kutoka Kenya mpaka Rhodesia, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kiungo chake cha katikati. Baridi ya Mufindi na Mbeya iliwapendeza. Mashamba ya chai yakafunguliwa Mufindi, na Wajerumani waliokuwa wamefukuzwa baada ya vita wakaruhusiwa kurudi. Mahali penye mlowezi lazima pawe na shule ya mtoto wa mlowezi. Ndivyo Tanganyika ilivyokuwa na mikondo mitatu ya elimu, wa Wazungu, wa Wahindi na wa Waafrika, kila mmoja na majengo yake, mitihani yake na fungu lake la fedha. Mbeya ilikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Jumuiya za Kiasia katika miji ya Iringa na Mbeya, Waismailia wakiwa mbele, zilijenga shule zao.

Kuna sura moja katika habari hii ambayo vijana wengi hawaijui. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maelfu ya Wapolandi waliokuwa wamepelekwa uhamishoni katika Urusi ya Kisovieti walipitia Uajemi wakaletwa Afrika Mashariki, wengi wao wanawake na watoto. Makambi mawili kati ya yale ya Tanganyika yalikuwa huku kwetu, Ifunda na Kidugala. Watoto wao walisoma kwa Kipolandi, katikati ya Uhehe na Ubena. Hatuwalaumu wakimbizi hao, waliokuwa wameteswa kuliko wengi wetu tunavyoweza kufikiri. Lakini mwanafunzi wa siasa aweke alama hapo: kusoma kwa lugha ya mama, kwa walimu wa kwao, katika nchi ya mbali, hakukuonekana kuwa jambo lisilowezekana. Wapolandi walipoondoka baada ya vita, majengo ya Ifunda yakawa shule ya ufundi kwa Waafrika katika miaka ya mwanzo ya 1950. Bado ipo, na vijana wanaochomelea vyuma pale hawajui kwamba mahali pao paliwahi kuimbwa nyimbo za Krismasi kwa Kipolandi.

Kisha ikaja Iringa yenyewe. Mpango wa karanga wa Kongwa ulikufa mwaka 1951 na kuacha matrekta mabovu na shule ya watoto wa Kizungu. Shule hiyo ilihamishiwa Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950, katika majengo mapya ya fahari, ikaitwa St. Michael's and St. George's. Fedha zilitoka katika mali za adui, yaani mali za Wajerumani zilizotaifishwa wakati wa vita. Serikali ya Gavana Twining ilizigawa kwa elimu kwa mafungu sawa, fungu moja kwa kila rangi. Mgawo huo uliitwa usawa, kama vile mwaka 1955 ulivyoitwa usawa pale Baraza la Kutunga Sheria lilipopewa wajumbe wasio wa serikali 10 Waafrika, 10 Waasia na 10 Wazungu.

Tufanye hesabu, kwani hesabu haina chuki. Sensa ya mwaka 1957 ilikuta Waafrika wapata milioni 8.6, Waasia wapata 76,000, na Wazungu wapata 20,000. Ukigawa shilingi zilezile sawa kwa sawa baina ya rangi, fungu la Mzungu mmoja ni zaidi ya mara 400 ya fungu la Mwafrika mmoja. Na gavana huyohuyo ndiye aliyelirudisha fuvu la Mkwawa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, kwa gwaride na hotuba za kusifu ushujaa wa Wahehe. Kalenga ni mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini. Heshima ilipelekwa Kalenga, na fedha zikajenga shule ya Wazungu mjini.

Uhuru na chumba kimoja

TANU haikusubiri Uhuru ndipo ianze kuishughulikia shule. Mwaka 1955 Jumuiya ya Wazazi, TAPA, ilianzishwa, na wazazi wakajenga shule za udongo na nyasi ambazo serikali haikutaka kuzitambua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ikaifuta mikondo mitatu. Kuanzia hapo hapakuwa na shule ya serikali ya rangi moja.

Wengi husimama hapo wakapiga makofi. Mimi nataka tuendelee kidogo. Shule zilizokuwa za Wazungu na Waasia zilifunguliwa kwa wote, lakini ziliendelea kwa muda kutoza karo na kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Aliyeweza kuingia ni mtoto wa ofisa mpya mweusi. Rangi ilitoka mlangoni, tabaka likaingia dirishani. Nchi nzima mwaka 1961 ilikuwa na wanafunzi 486,470 wa shule za msingi na 11,832 tu wa sekondari; kwa hiyo kila kiti cha sekondari kilikuwa kiti cha enzi. Karo za sekondari zilifutwa miaka michache baada ya Uhuru, na za shule za msingi mwaka 1973.

Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha na kitabu cha Mwalimu juu ya Elimu ya Kujitegemea, na kwa uamuzi wa kufanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule nzima ya msingi. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za madhehebu mikononi mwa umma. Tosamaganga na Rungwe, zilizokuwa za kanisa, zikawa za watoto wote, Waislamu na wasio na dini wakiwamo. Ile St. Michael's and St. George's ikawa imekwisha kuitwa Mkwawa. Sijui kama kuna jina lililobadilishwa katika nchi hii lenye haki zaidi ya hilo. Tangu mwaka 2005 hapo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na walimu wa nchi nzima hutoka katika madarasa yaliyojengwa kwa fungu la rangi moja.

Silaha kubwa ya miaka hiyo ilikuwa karatasi ya upangaji. Mtoto wa Kyela alipelekwa Bukoba, wa Lindi akaletwa Iringa, Mchaga akatetemeka kwa baridi ya Mbeya huku akidhani kwao ndiko kwenye baridi. Serikali iliweka pia mgawo wa nafasi kwa mikoa, ili mikoa iliyobahatika kuwa na misheni nyingi isiikalie nafasi yote. Watoto waliofaulu vizuri zaidi katika mikoa iliyotangulia waliumia kwa mgawo huo, na wazazi wao walinung'unika. Ndiyo gharama ya haki, na gharama hiyo tusiifiche.

Katika mabweni yale utani ulifanya kazi ambayo hakuna mtaala ulioipanga. Mhehe aliulizwa na Mngoni kama jana jioni alikula mbwa au aliacha akiba. Mnyakyusa aliambiwa kwamba ndizi zitamfanya asahau njia ya kurudi. Walicheka, wakakopeshana sabuni. Miaka 15 baadaye mmoja alikuwa katibu wa wilaya katika mkoa wa mwenzake, na alijua kuamkia kwa lugha ya huko. Wanaouliza kwa nini Tanzania haikuchomwa na moto wa ukabila mara nyingi hutaja Kiswahili na Mwalimu, nao wako sawa, lakini wamesahau kitanda cha ghorofa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila la mtu. Waliokuwa shuleni mwaka ule wakakua bila kuhesabiwa kwa makabila.

Makosa yetu

Sasa nimrudie kada, kwani nusu ya swali lake bado haijajibiwa. Ni kweli kwamba tuliwakataza watoto lugha za mama zao. Sababu ilikuwa njema: taifa changa liliogopa shule iwe uwanja wa makabila, na lilikuwa na haki ya kuogopa. Lakini kuna tofauti kati ya kuifanya lugha ya taifa kuwa lugha ya darasa na kumfanya mtoto aone aibu kwa ajili ya bibi yake. Mwalimu mwenyewe, katika hotuba ya kuwa Rais wa Jamhuri Desemba 1962, alilalamika kwamba waliosoma walijua ngoma za Ulaya kuliko za kwao, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa. Utekelezaji ulibakisha ngoma peke yake. Mganda na ligambusi vikachezwa siku mgeni rasmi anapokuja, kisha watoto wakavua njuga wakarudi darasani. Yule mzee wa Malangali aliyefundisha akiwa ameketi juu ya kigoda, sisi tulimwondoa pamoja na Mumford. Hatukumpa kazi nyingine. Tungeweza kumweka katika somo la historia, atuambie mambo ambayo Mumford hakumruhusu kusema.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tuliunganisha watoto kwa Kiswahili katika shule ya msingi, tukawatenganisha kwa Kiingereza katika sekondari. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023 haikukiondoa Kiingereza sekondari. Mimi nilisoma sekondari katika miaka ya 1990, katika shule moja ya mikoa hii ambayo sitaitaja. Palikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amkamate mwingine. Baba yangu alikuwa amewahi kuchapwa shuleni kwa kusema lugha ya kwao. Mimi nilivishwa kibao kwa kusema lugha ya taifa. Nilipomwambia, hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza tu kama kibao kilikuwa kizito.

Uzio mpya

Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilifungua tena mlango wa shule za binafsi. Watu wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa miongoni mwa waliouingia kwa nguvu sana, kupitia makanisa, mifuko ya maendeleo ya wilaya, na Jumuiya ya Wazazi ya Chama chenyewe. Shule nyingi za wakati huo zilijengwa na wakulima kwa tofali za kuchoma, na bila hizo vijana wengi wangebaki na darasa la saba. Lakini kuanzia miaka ya 1990 zikaongezeka shule za msingi za kufundishia kwa Kiingereza, zenye karo. Ukisimama asubuhi kando ya barabara kuu Mafinga au Mbeya mjini utaona mabasi ya njano yakiwachukua watoto wachache, huku wenzao wa mtaa uleule wakitembea na ndoo na fagio. Wana kabila moja, rangi moja, pengine ukoo mmoja. Hawatakutana darasani kamwe.

Upande wa pili, mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata. Huu ni ushindi wa umma na atakayeubeza ana lake jambo: msichana wa Makete au Ileje ambaye zamani angeolewa sasa anafika kidato cha nne, na tangu mwaka 2016 halipi ada. Lakini anasoma na watoto wa kata yake, aliocheza nao tangu utotoni. Nafasi ya kukutana na Mtanzania wa mbali imebaki kidato cha tano na cha sita, na katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo vijana walirudishwa kwa mujibu wa sheria mwaka 2013. Wengi hawafiki huko. Kwa hiyo tumepanua mlango na kufupisha safari kwa wakati mmoja, na sijaona tukilijadili jambo hilo vikaoni kwa uzito wake. Nchi ambayo mkoa wa Iringa umezaa Njombe mwaka 2012, na Mbeya ikazaa Songwe mwaka 2016, inaweza kwa urahisi kumfanya kijana aone wilaya yake ndiyo dunia.

Basi, Ndugu Kada, jibu langu ni hili. Mumford aliheshimu mila zako ndani ya uzio ambao hakuna mzee wa Malangali aliyeulizwa kama anautaka. Sisi tuliuvunja uzio, na kwa haraka yetu tukavunja na vyungu vilivyokuwa ndani. Uzio unaojengwa leo unajengwa kwa karo, na wanaoujenga ni sisi, baadhi yetu tukiwa na kadi za Chama mifukoni na watoto wetu ndani ya mabasi yale.

Kabla ya kufunga mafunzo yale niliwapa makada kazi ya nyumbani, na majibu yake ndiyo tutakayoanza nayo muhula ujao. Kila mmoja aende katika kata yake, achukue shule moja ya serikali na moja ya karo. Aandike ni wanafunzi wangapi wametoka nje ya wilaya, ni lugha gani zinasikika uwanjani wakati wa mapumziko, na ni lini mara ya mwisho mzee wa kijiji aliingia darasani kufundisha chochote. Na swali la nne, ambalo baadhi yao waliniomba nilifute nami nikakataa: mtoto wa katibu wa tawi anasoma katika shule ipi kati ya hizo mbili.